Gulzar Alipoulizwa Kama Bado Yu Hai

Simu ilipolia, Gulzar alikuwa anakoroga achari ya zabibu mbichi kwenye sufuria kubwa, mwiko kaushika kwa mikono miwili, mtandio kaufunga kisogoni. Akamwambia Tereza, msaidizi wake wa miaka mingi pale dukani, apokee na aweke spika.

"Shikamoo," ilisema sauti ya mwanamke kijana, laini na yenye haraka kama ya watu wa ofisini. "Samahani kwa usumbufu. Naulizia familia ya Bi Gulzar, mke wa Bwana Hasnain wa Dodoma. Tulitaka kujua kama bado yu hai. Na kama alishatangulia, basi mtusaidie, alitangulia mwaka gani."

Tereza aliitupa ile simu juu ya gunia la chumvi kana kwamba imemng'ata. "Ushindwe!" akaiambia. "Ushindwe na ulegee!"

Gulzar aliuacha mwiko, akajifuta mikono kwenye aproni, akaichukua simu mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, asiyeshtushwa na mambo madogo. Amekulia kwenye kelele za Soko la Majengo na amezeekea humo humo. 

"Ametangulia wapi?" akauliza.

"Samahani, naongea na nani?"

"Unaongea na huyo huyo unayemzika. Mimi ndiye Gulzar."

Kisha yule dada akapiga ukelele, ukelele hasa, wa mtu aliyeona nyoka au aliyeshinda bahati nasibu. "Yuko hai!" alikuwa anawaambia watu wengine chumbani kwake. "Jamani, yuko hai! Naongea naye!" Na Gulzar akasikia makofi.

Hebu fikiria mwenyewe. Umeamka salama, umekunywa chai yako, umeingia kazini, halafu watu usiowajua wanakupigia makofi kwa sababu unapumua. Utafurahi? Gulzar hakufurahi hata kidogo. Furaha ya wale watu ilikuwa kubwa mno, na mtu hafurahi hivyo ila kwa jambo ambalo hakulitegemea kabisa.

Yule dada alipotulia alijieleza. Anaitwa Daktari Debora, yuko katika ile hospitali ya Dar es Salaam ambako Gulzar alifanyiwa upasuaji miaka kumi na moja iliyopita. Yeye na wenzake walikuwa wanawatafuta watu wote waliopasuliwa kansa ya tezi ya mate miaka ile, wajue wamefikia wapi. Wengi hawapatikani. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Dodoma, na wiki iliyopita alipokuwa likizo kwa shangazi yake mtaa wa Kikuyu aliona mezani chupa ya achari imeandikwa Gulzar, na namba ya duka chini yake. Jina hilo si la kila siku. Akaona ajaribu.

"Na hao wengine," Gulzar aliuliza, "mkiwapata wanakuwaje?"

"Wengine wapo, mama. Wengine tunaongea na watoto wao."

"Walikufa mwaka gani, hao wenye watoto?"

"Inategemea. Kuna wa mwaka wa saba baada ya upasuaji. Wa tisa. Kuna mmoja mwaka wa kumi."

"Mwaka wa tisa?" Gulzar alijikuta amekaa juu ya lile gunia la chumvi. "Si miaka mitano ikipita mtu ameshapona?"

"Mama," sauti ya Debora ilishuka, "hivi hukuambiwa kwamba ugonjwa wako ni wa kufuatiliwa maisha yote? Wenzangu walionitangulia walikuwa wanapiga simu kila mwaka. Kwa mzee wako, Bwana Hasnain, namba yake ndiyo iliyoachwa hospitali. Alikuwa anasema umepona kabisa na tusikusumbue. Mwishoni alisema tukipiga tena atatushtaki."

Tereza alikuwa amesimama na ndoo mkononi. Achari ilikuwa imeanza kushika chini. Hakuna aliyeisogelea.

Ili mtu aelewe kwa nini Gulzar aliishiwa nguvu hivyo, inafaa ajue habari ilivyoanza. Ilianza na kivimbe. Kilikuwa mbele ya sikio la kulia, kigumu, kidogo kama harage, hakiumi, na kwa sababu hakiumi alikaa nacho miaka miwili akikipaka mafuta ya nazi na kukisahau. Kikaja kumkumbusha chenyewe: shavu likaanza kumtembea kama lina sisimizi, kisha likaanza kuuma usiku. Dodoma wakampeleka Dar. Dar wakampasua, wakatoa tezi nzima pamoja na uzi mmoja wa mshipa wa fahamu ambao ugonjwa ulikuwa umeshauzunguka, halafu wakamchoma mionzi wiki nyingi mpaka akawa hajui ladha ya sukari na chumvi.

Alirudi Majengo na uso mwingine. Pembe ya mdomo upande wa kulia ililegea, ikawa akinywa chai lazima ashike leso. Jicho la upande huo halifungi vizuri, analitia dawa kila siku, na vumbi la Dodoma la mwezi wa nane linamtoa machozi barabarani hadi wapita njia wanampa pole ya msiba. Ncha ya sikio ilikufa ganzi kabisa: hereni ya dhahabu aliyoachiwa na mama yake ilidondoka sokoni akaenda nyumbani na hereni ya sikio moja bila kujua, na mpaka leo kuna mtu Majengo anaivaa au ameshaiuza. Meno mawili yaling'oka kwa sababu kinywa hakina mate ya kutosha.

Na kuna jasho. Hilo ndilo linaloshangaza wageni. Gulzar akionja kitu kichachu, shavu la kulia linalowa, matone yanashuka hadi shingoni, wakati shavu la kushoto limekauka kama kawaida. Daktari alimweleza kwamba ile mishipa iliyokuwa inaita mate ilikosa tezi yake, ikatangatanga, ikaenda kujishika kwenye vinyweleo vya jasho. Mwanzoni alilia kwa aibu. Baadaye, kwa kuwa ni mtu wa biashara, aliacha kulia. Wateja wenyewe ndio waliogeuza jambo hilo mchezo. Madereva wa wabunge, makarani wa wizara, wanafunzi wa chuo, wote wakija wanasema, "Mama, onja kwanza tulione jasho," na jasho likimwagika wanajua achari ya leo imekolea. Hakuna duka jingine Tanzania lenye kipimo cha namna hiyo.

Sasa, Hasnain. Mumewe si mtu mbaya, na hilo lisemwe mapema kabla msomaji hajamrukia. Anauza sufuria na vyombo vya plastiki mtaa wa pili. Ni mtu anayependa jambo lake liishe. Mlango ukikwama anautengeneza siku hiyo hiyo. Binti yao Ayesha alipopata homa utotoni alimkeshea mpaka ishuke. Ugomvi wa majirani anausuluhisha kwa nguvu, watake wasitake. Siku ile mke wake alipokuwa ndani kwa wapasuaji, Hasnain alisimama kwenye korido, akaweka nadhiri: mke wangu akifika miaka mitano akiwa mzima, nitalisha watu, maskini na matajiri, mpaka sufuria zote za dukani kwangu zitumike.

Na alitimiza. Watu wa Majengo bado wanaisimulia ile siku. Biriani ya mbuzi ilipikwa uani mwa msikiti wao, ikaliwa na Waislamu, Wahindu wa duka la vitambaa, Wakristo wa wizara tatu, na wazee wa Kigogo kutoka Bahi wanaomletea Gulzar ukwaju. Hasnain mwenyewe alipakua mpaka mkono ukamvimba. Gulzar alikaa katikati ya wanawake amevaa nguo mpya, akipongezwa kama bibi harusi.

Baada ya siku ile Hasnain alimwambia mkewe kwamba hospitali wamepiga simu, wamesema hana haja ya kurudi tena. Gulzar aliamini. Kwa nini asiamini? Alishukuru hata, maana safari za basi hadi Dar na kurudi zilikuwa zimemchosha mgongo. Kuna kitu kimoja tu kilichokuwa kinamshangaza. Kila alipotaja maumivu kidogo nyuma ya sikio, au alipouliza kwa mzaha kama kivimbe hakiwezi kurudi, Hasnain alikuwa anamwekea kiganja mdomoni. Si kwa ukali. Polepole, kama unavyomfunika mtoto. "Usitamke," anamwambia. "Lile limekwisha."

Sasa turudi kwenye siku ya simu. Gulzar hakusubiri jioni. Alimwachia Tereza duka na ile sufuria iliyoungua, akavuka barabara bila kuangalia pikipiki, akaingia dukani kwa mumewe na kumkuta anakula chapati na dengu nyuma ya kaunta.

"Kuna mtu amenipigia," alisema, "ameniuliza nilikufa mwaka gani."

Hasnain alicheka. Kisha akautazama uso wa mkewe, chapati ikabaki mkononi.

"Nani huyo mwendawazimu?"

"Daktari. Wa Dar. Anasema walikuwa wanapiga kila mwaka, na wewe ndiye unayepokea."

Hasnain aliiweka chapati kwenye sahani taratibu, akaifunika kwa sahani nyingine, kana kwamba hilo ndilo tatizo lililokuwa mbele yao.

"Walipiga mara ngapi?" Gulzar aliuliza.

"Sikuhesabu."

"Na waliposema sina haja ya kurudi?"

"Hawakusema."

"Nani alisema?"

"Mimi."

Gulzar aliishika kaunta. Miaka thelathini na nne ya ndoa, hajawahi kupigwa, hajawahi kutukanwa, hajawahi kulala na njaa, na hapo alipo alihisi kama amepigwa kofi na mtu aliyejificha. Alitaka kulia, jicho moja tu ndilo lililotii.

Hasnain alizungumza akiwa anatazama sahani. Nadhiri ilikuwa na nusu ya pili ambayo hakumwambia mtu. Pale kwenye korido, baada ya kuahidi kulisha watu, aliongeza neno: na ukinipa miaka hiyo mitano, ee Mola, sitakuuliza tena juu ya jambo hili maisha yangu yote. Basi miaka mitano ikaja. Watu wakala. Na simu ya hospitali ilipolia, alihisi nywele zinamsimama. Kwenda kupima ni kuuliza. Kuuliza ni kuvunja ahadi. Akivunja, ugonjwa unarudi, na atakuwa ameurudisha yeye kwa mkono wake.

"Nilikuwa nakulinda," alisema.

Angemwuliza shehe yeyote, hata yule kijana aliyemaliza chuo juzi, angeambiwa kwa dakika moja kwamba Mungu hafungiwi mdomo kwa namna hiyo, na kwamba nadhiri ya kumnyima mgonjwa tiba si nadhiri. Lakini Hasnain hakumwuliza mtu. Siri yake aliilea peke yake kwa miaka sita, akaipenda, ikakua. Hapo ndipo mtu anataka kumshika bega na kumtikisa.

"Mwili ni wa nani?" Gulzar aliuliza kwa sauti ndogo. Hakungoja jibu. Alitoka, na mteja aliyekuwa anapima beseni mlangoni akausogelea ukuta kumpisha.

Debora alikuja Dodoma mwisho wa wiki, akampeleka mwenyewe kupigwa picha ya kifua kwenye mashine ile kubwa ya duara. Alikuwa msichana mrefu mwenye miwani, mcheshi, aliyemkumbatia Gulzar getini kama ndugu aliyerudi kutoka vitani. Njia nzima alikuwa anaongea: jinsi shangazi yake anavyokula ile achari na ugali wa uwele, jinsi wenzake walivyomnunulia soda kwa kumpata mgonjwa wa zamani akiwa mzima. Gulzar naye aliona nafuu. Akajiambia, huyu mtoto ni daktari, na angekuwa na wasiwasi asingecheka hivi.

Alilala kwenye ile mashine, akaambiwa avute pumzi azuie, avute azuie. Alipotoka, Debora alikuwa ndani ya chumba kidogo cha kioo, ameinama kwenye skrini pamoja na mtaalamu wa picha. Gulzar alimwona kupitia kioo. Alimwona akivua miwani, akiifuta, akiivaa tena. Hakuwa anacheka.

Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu. Lakini aliambiwa, maana Debora hakuwa mtu wa kuficha. Alimketisha kwenye benchi, akamshika mkono uliokuwa bado unanuka bizari. Kuna vidoa kwenye mapafu, alisema. Pande zote mbili. Vidogo, lakini ni vingi.

"Lakini mimi sikohoi," Gulzar alisema.

"Najua, mama."

"Asubuhi nimebeba ndoo ya achari mwenyewe. Muulize Tereza. Napanda ngazi. Sikohoi!"

"Najua."

"Hao watu wa mashine wamebadilisha picha." Na alimaanisha. Alisimama, akataka kurudi ndani awaambie watazame vizuri, kuna mama mwingine alikuwa mbele yake, amekonda, anakohoa. Hivyo vidoa ni vya yule. Debora ilibidi amshike vifundo vya mikono yote miwili. Watu waliokaa kwenye foleni walijifanya wanatazama simu zao. Mshtuko una ujinga wake, nao ulimfanya Gulzar amtakie mabaya mwanamke asiyemjua hata jina, jambo ambalo hajawahi kulisimulia bila kuomba radhi.

Wiki iliyofuata walikwenda Dar kwa treni ya umeme, yeye na Hasnain, viti viwili vinavyotazamana. Walikuwa hawajaongea sawasawa tangu siku ya chapati. Hasnain alikuwa amekonda. Alikuwa ameleta mfuko wa matunda, juisi, mto mdogo wa shingo, na kila kitu alichokitoa, Gulzar alikitazama na kugeukia dirishani. Nchi kavu ya Dodoma ilipita mbio, kisha vilima, kisha kijani cha Morogoro, na hakuna aliyesema hata "tazama."

Daktari aliyempasua alikuwa bado yupo, Daktari Bartolomayo, kichwa cheupe sasa. Aliingia na kumtazama Gulzar usoni kwa muda mrefu, kama fundi anayetazama mlango alioupachika zamani. Akamwambia atabasamu, afumbe macho, apulize. "Mshipa umejitahidi," alisema, akaridhika. Kisha akawasha skrini, na wale wote wanne, pamoja na Debora aliyesimama nyuma, wakaviona vidoa. Vilikuwa vimetapakaa kama punje za mtama zilizomwagika kwenye sakafu nyeusi.

"Lakini tulipita miaka mitano," Hasnain alisema. Alilisema kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Miaka mitano ni kipimo cha kansa nyingine nyingi," Daktari Bartolomayo alijibu. "Hii aliyokuwa nayo mama haijui kalenda yetu. Inatembea polepole. Unaweza kuitoa yote shavuni, isirudi hapo kamwe, kumbe mbegu chache zilishaondoka zamani zikakaa mapafuni. Zinaonekana mwaka wa nane, wa kumi, hata wa kumi na tano."

"Kwa hiyo haikurudi sasa hivi? Haikurudi kwa sababu ya..." Hasnain hakumaliza.

"Pengine ilikuwepo hata kabla hatujampasua. Imeonekana tu."

Gulzar alimwona mumewe akishusha pumzi, na hasira zikampanda upya. "Na kama ningekuja kila mwaka?" aliuliza. "Mwaka wa sita, wa saba. Mngeviona?"

Mzee yule alijikuna kidevu. Angeweza kudanganya, na chumba kizima kingempenda. "Pengine tungeviona vikiwa viwili vitatu," alisema. "Viwili vitatu wakati mwingine tunavikata. Kama ingemsaidia mama, hilo sijui. Wapo waliokatwa vikaota vingine. Siwezi kukuambia ingekuokoa, na siwezi kukuambia isingekuokoa."

Basi. Hasnain alitaka kuambiwa ana hatia au hana, na hakuambiwa lolote kati ya hayo. Alikaa na kutokujua kwake mapajani kama mzigo usio na pa kushika.

"Tutafanya nini?" Gulzar aliuliza.

"Leo, hatufanyi kitu."

Huo ndio uliokuwa mshtuko wa mwisho, na pengine mkubwa kuliko yote. Wamesafiri, wamejiandaa kusikia sindano, visu, kupelekwa India. Na daktari anasema hakuna kitu. Aliwaeleza polepole. Mama hana dalili. Dawa kali zingemchosha na kwa kansa ya aina hii hazisaidii sana. Kuna watu wanaishi na vidoa hivyo miaka mingi, wanalima, wanauza, wanaozesha watoto. Kitu cha kufanya ni kutazama: picha kila baada ya miezi sita, na vikianza kukimbia, hapo watachukua hatua.

"Mpaka lini?" Hasnain aliuliza. "Hiyo miezi sita sita, mpaka lini?"

"Mpaka mama afe kwa ugonjwa mwingine," alisema Daktari Bartolomayo. "Tukibahatika."

Debora alitazama chini. Gulzar, bila kutaka, akacheka, kicheko cha upande mmoja, kifupi. Kwa wiki mbili hakuna mtu aliyemwambia jambo la wazi kama hilo.

Lakini Hasnain hakucheka. Alikuwa ameshafumba macho. Viganja vyake vilikuwa vimeinuka kifuani, midomo inacheza, na Gulzar, aliyeishi naye zaidi ya nusu ya maisha yake, alijua mara moja anafanya nini. "Ee Mola wangu," alikuwa anasema, "akipita miaka mingine mitano..."

Gulzar alimpiga viganja, vikashuka. Alimpiga kwa nguvu, mbele ya madaktari wawili.

"Usithubutu!" alisema. "Niombee. Niombee mchana na usiku, sikukatazi. Lakini usinifungie tena mkataba. Usinipangie tarehe ya kupona, halafu ikifika unizibe mdomo."

Hasnain aliitazama mikono yake. Ndevu zilikuwa zinamcheza.

Debora akasema taratibu kwamba basi wataandika miadi ya miezi sita, na akauliza simu ya kukumbusha ipigwe namba ipi. Kwa mazoea ya miaka yote Hasnain akaanza kutaja yake. Alifika tarakimu ya tatu, akaacha mwenyewe, akamtazama mkewe. Gulzar akataja ya kwake, yote, kwa sauti ya kutosha.

Katika treni ya kurudi walikaa tena wakitazamana. Hasnain hakutoa matunda wala mto. Walipopita Morogoro alijaribu kusema kitu, akaacha. Walipoanza kuona ardhi nyekundu ya kwao alijaribu tena. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya kosa kubwa kwa makusudi.

"Mama Ayesha," alisema, "unaogopa?"

Gulzar alimtazama. Katika miaka kumi na moja, katika upasuaji, mionzi, hereni, biriani na makofi ya watu, Hasnain alikuwa hajawahi kumwuliza hilo, hata mara moja.

"Naogopa sana," alisema. "Niliogopa hata siku ile uliyolisha watu. Nilikaa katikati yao na nguo mpya, naogopa, na sikuwa na wa kumwambia."

Hasnain alihama kwenye kiti chake, akaja kukaa upande wake.

"Niambie," alisema.